Buluu, Damu ya Mzee, Kisha Buluu Tena: Historia ya Pasipoti ya Uingereza

Pasipoti ya Uingereza ina mizizi katika sheria ya mwaka 1414, enzi za Mfalme Henry V, iliyozungumzia hati za kumhakikishia msafiri usalama. Hati hizo zilikuwa barua tu. Hazikuwa na picha wala jalada, na hazikutolewa kwa wananchi wa kawaida. Mwenye nazo alikuwa mjumbe, mfanyabiashara mkubwa au mtu wa heshima, na aliyemdhamini alikuwa mfalme mwenyewe. Kuanzia 1794 kazi ya kuzitoa iliwekwa mikononi mwa waziri. Kwa muda mrefu, tangu 1772 hadi 1858, pasipoti za Uingereza ziliandikwa kwa Kifaransa, kwa kuwa hiyo ndiyo ilikuwa lugha ya mabalozi na ya mipakani. Ni baada ya 1858 tu ndipo zilipoanza kuandikwa kwa Kiingereza na kutengwa kwa ajili ya Waingereza peke yao. Kabla ya hapo hata mgeni aliweza kupewa.

Katika nusu ya pili ya karne ya 19 pasipoti ilikaribia kufa. Reli zilivusha watu wengi mno kuliko maofisa walivyoweza kukagua, na nchi kadhaa za Ulaya zililegeza masharti au kuyafuta kabisa. Mwingereza mwenye nauli aliweza kuvuka bahari na kuizunguka sehemu kubwa ya bara bila karatasi yoyote mfukoni. Vita vya 1914 ndivyo vilivyoufunga mlango huo. Novemba 1914 jasusi wa Ujerumani, Carl Lody, alipigwa risasi katika Mnara wa London baada ya kugundulika kuwa aliingia nchini kwa pasipoti ya Marekani yenye jina la mtu mwingine. Karatasi isiyoonyesha sura ya mwenyewe ilidhihirika kuwa haina ulinzi wowote. Pasipoti mpya ya 1915 ikaja na picha. Ilikuwa karatasi moja iliyokunjwa mara nane ndani ya jalada la kadibodi, yenye muda wa miaka miwili, na ndani yake ofisa alieleza paji la uso, pua, kidevu na rangi ya ngozi ya msafiri. Malalamiko ya kwanza kuhusu muundo wa pasipoti yanaanzia hapa. Wako wasafiri walioona kuwa kuorodheshewa pua na kidevu ni kudhalilishwa, kana kwamba wao ni mifugo mnadani au wahalifu.

Oktoba 1920 wajumbe wa Shirikisho la Mataifa walikutana Paris kuzungumzia pasipoti, forodha na tiketi za safari. Wengi wao waliiona pasipoti kuwa balaa la muda lililoletwa na vita, na walitaraji kwamba siku moja itaondolewa. Hadi hapo, walipendekeza angalau ifanane kila mahali: kijitabu cha kurasa 32, chenye urefu wa sentimita 15.5 na upana wa sentimita 10.5, jina la nchi juu ya jalada, nembo katikati, na neno pasipoti chini. Kilichokusudiwa kudumu miaka michache kimedumu zaidi ya karne. Mpangilio huo wa jina, nembo na neno bado uko kwenye pasipoti za karibu kila nchi duniani, zikiwemo za Kenya na Tanzania.

Uingereza iliupokea mpango huo na kutengeneza kijitabu chenye jalada gumu la buluu iliyokoza, lililopigwa nembo ya kifalme kwa rangi ya dhahabu. Jalada lilitobolewa vidirisha viwili. Kimoja kilionyesha jina la mwenye pasipoti, lililoandikwa kwa kalamu, na kingine kilionyesha namba. Hiki ndicho kitabu ambacho Waingereza wazee wanakikumbuka kwa mapenzi makubwa. Kilikuwa kigumu hata hakikunjiki, kikubwa kiasi cha kutunisha mfuko wa koti, na kwa karibu miaka sabini kilibadilika kidogo sana.

Kukifanya upya kulikuwa jambo tofauti na linavyoeleweka leo. Kwa miongo kadhaa pasipoti ilitolewa kwa miaka mitano, kisha mwenyewe aliipeleka ofisini au ubalozini ikaongezewa muda ndani ya kitabu kilekile kwa maandishi na mhuri, hadi kutimiza miaka kumi. Mtu hakupewa kitabu kipya, na mihuri ya safari zake zote ilibaki kwenye kurasa zake. Utaratibu huo uliachwa mwishoni mwa miaka ya 1960, pasipoti ilipoanza kutolewa kwa miaka kumi moja kwa moja. Kitabu hicho pia kilikuwa hati ya familia: mke aliweza kuandikwa ndani ya pasipoti ya mume, na watoto ndani ya ile ya mzazi. Watoto walianza kulazimika kuwa na pasipoti zao wenyewe mwaka 1998. Kurasa za nyuma zilikuwa na kazi nyingine isiyokumbukwa sana. Kuanzia 1966, serikali ilipobana fedha za kigeni, msafiri wa matembezi aliruhusiwa kutoka na paundi 50 tu, na kiasi alichochukua kiliandikwa humo. Udhibiti wa fedha uliondolewa 1979.

Sura yenye uzito kuliko zote katika maisha ya kitabu hicho cha buluu haikutokea London. Ilitokea Nairobi, Mombasa na Kampala.

Kenya ilipopata uhuru tarehe 12 Desemba 1963, wakazi wenye asili ya Bara Hindi ambao hawakuwa raia wa moja kwa moja walipewa miaka miwili ya kuomba uraia. Wengi waliomba. Wengi vilevile walisita, wakabaki raia wa Uingereza na Makoloni Yake, jina la kisheria lililokuwapo tangu 1948. Sheria ya 1962 ilikuwa imeanza kuzuia wahamiaji kutoka nchi za Jumuiya ya Madola, lakini haikumgusa mtu mwenye pasipoti iliyotolewa kwa niaba ya serikali ya London yenyewe. Baada ya uhuru, ofisi ya Balozi wa Uingereza jijini Nairobi ndiyo iliyotoa pasipoti za namna hiyo. Duka la Biashara Street na nyumba ya Parklands zikawa na kitabu cha buluu kabatini, chenye nembo ileile na maneno yaleyale ya waziri yakiomba mwenye pasipoti aachwe apite bila kizuizi.

Mwaka 1967 Kenya ilipitisha sheria za uhamiaji na za leseni za biashara zilizowabana wasio raia. Walioshindwa kupata vibali vya kazi au leseni waliitoa pasipoti kabatini na kukata tiketi. Kufikia mwanzoni mwa 1968 ndege za kwenda London zilikuwa zikijaa, na magazeti ya Uingereza yakajaa hofu. Serikali ya chama cha Labour, kupitia Waziri wa Mambo ya Ndani James Callaghan, ilipeleka muswada bungeni tarehe 27 Februari, na tarehe 1 Machi 1968 ukawa sheria. Ndani ya siku tatu haki ya kuingia Uingereza iliondolewa kwa raia yeyote ambaye yeye mwenyewe, mzazi wake au babu na bibi yake hakuzaliwa Uingereza, wala kuasiliwa au kupewa uraia huko. Maneno ya sheria hayakutaja rangi ya ngozi, lakini matokeo yake yalijulikana na kila aliyeipigia kura: mjukuu wa mlowezi wa Nanyuki aliingia, mjukuu wa fundi wa reli kutoka Gujarat alikataliwa. Watu walirushwa kutoka uwanja mmoja wa ndege hadi mwingine, nchi ikimkataa raia ambaye yenyewe ndiyo iliyompa kitabu. Mlango ulioachwa wazi ulikuwa vibali maalumu, ambavyo kwa kuanzia vilikuwa 1,500 kwa mwaka kwa wakuu wa familia.

Jalada halikubadilika hata kidogo. Aliyekuwa na haki na aliyepokonywa walishika vitabu visivyotofautishwa kwa macho. Mwaka 1973 Tume ya Haki za Binadamu ya Ulaya, ikishughulikia malalamiko ya watu 31 kutoka Afrika Mashariki, iliona kwamba kwa wale waliokuwa raia, kubaguliwa huko kwa rangi kulifikia kiwango cha kudhalilishwa kwa binadamu. Kabla ya hapo, Agosti 1972, Idi Amin alikuwa amewapa Waasia wa Uganda siku 90 kuondoka, na safari hii Uingereza iliwapokea karibu 28,000. Wengine wa eneo hili waliendelea kungoja. Sheria ya uraia iliyoanza kutumika 1983 iliwaita raia wa Uingereza wa ng'ambo, jina lisilo na haki ya kuishi Uingereza, na ni mwaka 2003 tu ndipo wale wasio na uraia mwingine waliporuhusiwa kujiandikisha kuwa raia kamili. Yeyote anayesimulia fahari ya pasipoti ya buluu bila kuitaja miaka hiyo 35 anasimulia nusu ya habari.

Mabadiliko ya rangi yalitokana na Ulaya. Mwaka 1981 nchi wanachama wa Jumuiya ya Ulaya zilikubaliana juu ya pasipoti ya sura moja, yenye rangi ambayo Waswahili wangeiita damu ya mzee. Yalikuwa makubaliano tu, si sheria ya kulazimisha. Croatia ilijiunga na Umoja wa Ulaya mwaka 2013 na hadi leo jalada lake ni la buluu. Uingereza nayo ingeweza kubaki na rangi yake, lakini ilichagua kufuata wenzake. Pasipoti za kwanza za damu ya mzee zilitolewa na ofisi ya Glasgow mwaka 1988, na ofisi nyingine zikafuata moja baada ya nyingine.

Kitabu kipya kilikuwa kidogo na chenye jalada laini, hakikuwa na vidirisha, na chini ya ukurasa wa picha kilikuwa na mistari miwili ya herufi na alama za kusomwa na mashine. Mistari hiyo ilifuata kanuni za Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, zilizochapishwa mara ya kwanza 1980. Ukweli ni kwamba mashine hizo zingelitokomeza jalada gumu la zamani hata kama Uingereza isingekuwa mwanachama wa Jumuiya yoyote, kwa sababu kitabu kinene chenye maandishi ya kalamu hakisomeki na mashine. Hata hivyo wengi hawakuilaumu mashine. Waliilaumu Ulaya, iliyoandikwa jina lake kwa dhahabu juu ya jina la nchi yao. Kwao, pasipoti ya buluu ilikuwa imenyang'anywa, na lawama hiyo ilitunzwa kwa miaka karibu thelathini na kuzaa matunda ya kisiasa.

Wakati huohuo ndani ya kitabu palibadilika zaidi ya nje. Mwaka 2006 iliwekwa chipu yenye picha na taarifa za mwenyewe. Toleo la Oktoba 2010 lilijaa mandhari za nchi. Lile la Novemba 2015 lilikusudiwa kusifu sanaa na ubunifu wa Waingereza wa karne tano, na likazua mzozo siku lilipozinduliwa: kati ya watu waliopewa heshima ya kuonyeshwa ndani, wanaume walikuwa saba, wakiwemo William Shakespeare, John Constable na Charles Babbage, na wanawake wawili tu, mwanahisabati Ada Lovelace na msanifu majengo Elisabeth Scott. Wakosoaji waliuliza wako wapi Jane Austen na dada wa familia ya Brontë. Swali lilikuwa la haki. Taifa linapochagua sura za kuweka katika hati inayobebwa na kila raia anayesafiri, linatangaza ni nani linaowahesabu kuwa wajenzi wake, na wabunifu wa toleo lile walihesabu vibaya.

Tarehe 23 Juni 2016 Waingereza walipiga kura ya kutoka katika Umoja wa Ulaya. Desemba 2017 waziri wa uhamiaji, Brandon Lewis, alitangaza kwamba pasipoti ya buluu itarudi. Waliofurahi walifurahi kwa dhati, kwani kwao hiyo ilikuwa alama ya kujitawala wanayoweza kuishika mkononi. Waliopinga walikumbusha kwamba hakuna sheria ya Ulaya iliyowahi kuikataza. Kisha Machi 2018 ikajulikana kuwa De La Rue, kampuni ya Uingereza iliyokuwa na mkataba wa awali, imekosa zabuni ya kutengeneza kitabu hicho, na kazi imepewa Gemalto, kampuni yenye mizizi Ufaransa na Uholanzi. Thamani yake ilikuwa paundi milioni 260, na serikali ilisema ingeokoa paundi milioni 120. Vitabu vitupu vingetengenezwa Tczew, Poland, na taarifa za watu zingeingizwa Uingereza. Hasira ilikuwa kubwa hasa kaskazini mashariki mwa Uingereza, ambako kiwanda cha Gateshead kilikuwa kikitegemea kazi hiyo. De La Rue ilifikiria kukata rufaa, ikaacha. Kanuni za ununuzi zilizotaka zabuni ishindaniwe na kampuni za nchi nyingine zilikuwa ni zilezile za Umoja wa Ulaya, ambamo nchi ilikuwa bado haijatoka.

Machi 2019 zilianza kutolewa pasipoti za damu ya mzee zisizo na jina la Umoja wa Ulaya, ingawa Uingereza ilikuwa bado mwanachama. Machi 2020 ikaja ya buluu. Ukurasa wa picha ni wa plastiki ngumu, na jalada la nyuma limepigwa chapa ya maua na mimea inayowakilisha England, Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini. Mjadala uliofuata ulihusu kama buluu yenyewe ni buluu. Wengi waliopokea vitabu vyao walisema ni vyeusi, na wazee wakajibu kwamba hata ile ya zamani ilionekana nyeusi isipokuwa juani. Hilo la pili ni kweli: buluu ya 1921 ilikoza hivyohivyo.

Lililobadilika kwa uzito lilikuwa foleni. Tangu 1 Januari 2021 mwenye pasipoti ya Uingereza huingia nchi nyingi za Ulaya kama mgeni, kwa siku zisizozidi 90 katika kila siku 180. Kanuni za kufanya upya nazo zikawauma watu wasiotarajia. Zamani mtu aliyeomba pasipoti mpya kabla ya ile ya zamani kuisha aliongezewa miezi iliyobaki, hadi tisa. Nyongeza hiyo ilikomeshwa Septemba 2018, lakini vitabu vilivyokwisha kutolewa viliendelea kuonyesha miaka kumi na miezi kadhaa. Nchi za Ulaya hazimpokei mgeni ambaye pasipoti yake imetimiza miaka kumi tangu itolewe. Abiria kadhaa wamerudishwa mlangoni mwa ndege wakiwa na kitabu kinachoonyesha kuwa muda haujaisha. Mwaka 2022 ukaongeza adha nyingine. Zaidi ya watu milioni tano walikuwa wameahirisha kuomba wakati wa janga la korona, wakaja kwa pamoja safari zilipofunguliwa, na serikali ikawataka waombaji wategemee kungoja hadi wiki kumi.

Kuna jambo jingine linaloeleza kura ile kuliko mjadala wa rangi. Baada ya 2016 maombi ya pasipoti ya Ireland kutoka Uingereza yaliongezeka sana. Mtu mwenye babu au bibi aliyezaliwa katika kisiwa cha Ireland ana haki ya kuomba uraia huo, na pasipoti yake, yenye jalada la damu ya mzee, humpa haki ya kuishi na kufanya kazi katika Umoja wa Ulaya mzima. Babu na bibi, waliokuwa kipimo cha kumfungia mlango Mwasia wa Nairobi mwaka 1968, wakawa ufunguo kwa Mwingereza wa Liverpool.

Afrika Mashariki imepita njia kama ya Ulaya ya 1981. Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilikubaliana juu ya pasipoti ya kielektroniki ya mfano mmoja, yenye jina la Jumuiya juu ya jina la nchi na jalada la buluu kwa raia wa kawaida. Kenya ilianza kuitoa 2017 na Tanzania ilizindua yake Januari 2018. Buluu, ambayo kwa Mwingereza ilikuja kumaanisha kutoka katika umoja, hapa ndiyo rangi ya kuwa ndani ya umoja.

Kifo cha Malkia Elizabeth II Septemba 2022 kilileta badiliko dogo: tangu Julai 2023 pasipoti za Uingereza hutolewa kwa jina la Mfalme Charles III, ambaye mwenyewe hasafiri na pasipoti. Mwaka 2025 serikali ilitangaza toleo jipya lenye nembo ya mfalme huyo na picha za mandhari, ukiwemo mlima Ben Nevis. Kwa aliye Uingereza kufanya upya sasa ni kazi ya mtandaoni, kwa picha iliyopigwa kwa simu na ada iliyofikia paundi 94.50 Aprili 2025. Kitabu cha zamani hupelekwa kwa posta, hukatwa kona, kisha hurudishwa kwa mwenyewe. Hakuna anayelazimishwa kuharakisha kwa ajili ya rangi. Pasipoti za damu ya mzee ni halali hadi tarehe iliyoandikwa ndani, na za mwisho kati yake, zilizotolewa 2020 wakati akiba ya zamani ikimaliziwa, zitaisha muda wake mwaka 2030.